Nani anaimba kinywani mwa John Wayne?

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi hutia sauti ya Kiswahili kwenye picha za nje na kuzionyesha kibandani kwangu, Usa River. Wazee wa huku bado wanamkumbuka mwigizaji wa Marekani John Wayne kwa ajili ya Hatari!, picha yake iliyopigwa huku kwetu, basi nikaona nitafute picha zake za ujana. Nimepata moja ya 1933, Riders of Destiny, dakika 53 tu. Steringi anaimba, ila sauti si yake kabisa. Picha yenyewe haina muziki, unasikia kwato tu na mlango ukibamizwa. Halafu nina nakala nyingine ya picha hiyohiyo, hiyo ina kinanda cha umeme tangu mwanzo hadi mwisho. Je, ile ya kwanza imepoteza sauti? Nitafsiri ipi? Na kwa nini wakipanda farasi wanakwenda mbio kama wamemwagiwa upupu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nakala yako ya kwanza haijapoteza kitu, hilo liondoe moyoni. Picha hiyo ilipotoka Oktoba 1933 ilikuwa kimya hivyohivyo. Kuna muziki kidogo majina yanapopita, basi. Kinanda cha umeme kimebandikwa miaka mingi baadaye na watu waliotaka kuiuza upya, wakadhani mtazamaji wa leo hawezi kukaa dakika mbili bila kupigiwa kitu masikioni. Itupe hiyo nakala. Au usiitupe, itunze uwaonyeshe wanafunzi wako namna ya kuharibu picha.

Wengi hukimbilia kusema ukimya ule ulitokana na uchanga wa teknolojia, kwamba sauti ndiyo kwanza imeingia, watu hawajui. Hilo lina ukweli kwa picha za 1929, si kwa hii. Mwaka huohuo wa 1933 ilitoka King Kong, na humo okestra ya Max Steiner inanguruma karibu kila sokwe anapoinua mguu. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo mjini humohumo Hollywood. Kilichokosekana ni pesa.

Nikueleze jinsi kazi ilivyokwenda, maana wewe ni mtu wa sauti, utanielewa upesi. Sauti ya wakati ule haikuwa faili. Ilichorwa kwa mwanga kwenye ukingo wa mkanda, mstari mwembamba unaokwenda sambamba na picha. Ukitaka muziki upite chini ya maongezi, unachezesha mikanda miwili kwa pamoja, mmoja wa maneno na mmoja wa muziki, na unarekodi mchanganyiko wake kwenye mkanda wa tatu. Ukiongeza kwato, huo wa nne. Kila unaporudia kurekodi, mkwaruzo unazidi na sauti nyembamba zinakufa. Wenye studio kubwa walikuwa na mashine nzuri, mafundi wa kukesha na wanamuziki wa mshahara. Kampuni iliyotengeneza picha yako, Lone Star, iliyokuwa chini ya mwavuli wa studio ndogo ya Monogram, haikuwa na anasa hiyo. Ilikuwa na mtayarishaji makini aitwaye Paul Malvern, mwongozaji Robert N. Bradbury, farasi, jua la California lisilolipiwa, na siku tano au sita za kumaliza kila kitu.

Bajeti ya picha hizo hutajwa kuwa kati ya dola 10,000 na 15,000, na Wayne alikuwa akipata kama 2,500 kwa picha moja. Piga hesabu mwenyewe. Ukishamlipa steringi, inayobaki ndiyo inalisha farasi, inakodi bastola, inanunua mkanda na kuwalipa wengine wote. Mkanda wa milimita 35 unapita kwenye projekta futi 90 kwa dakika. Dakika zako 53 ni futi 4,770, yaani reli tano (magurudumu ya mkanda, kila moja la futi 1,000) zisizojaa. Hizo ni zile zilizotumika kwenye nakala ya mwisho. Kila mara mwigizaji anapokosea neno, futi kadhaa zinakwenda na maji. Ndiyo maana ukitazama vizuri utaona mtu anajikwaa kwenye neno, anajirekebisha, na kamera inaendelea tu.

Huenda unajiuliza Wayne alifuata nini huko chini. Alianguka. Mwaka 1930 mwongozaji Raoul Walsh alimpa nafasi ya steringi katika The Big Trail, picha ya gharama kubwa mno, iliyopigwa kwa mkanda mpana wa milimita 70. Kijana wa miaka 23, jina lake la kuzaliwa Marion Morrison, ndiyo kwanza anaitwa John Wayne. Majumba ya sinema yalikuwa yametoka kununua vyombo vya sauti, mdororo wa uchumi umeshaingia, na hakuna mwenye jumba aliyekuwa tayari kununua tena projekta na pazia jipya kwa ajili ya picha moja. Ikaanguka vibaya. Yeye akaanguka nayo, na hakupanda tena mpaka Stagecoach ya John Ford, 1939. Ile miaka katikati aliitumia kwenye picha kama hii uliyoipata. Za Lone Star pekee alicheza 16 kati ya 1933 na 1935.

Pale Hollywood, kwenye kona ya Sunset na Gower, palikuwa na ofisi nyingi za kampuni ndogondogo za namna hiyo. Asubuhi makauboi wa kweli, watu waliokosa kazi kwenye ranchi, walisimama kijiweni wakiwa wamevaa kofia na buti zao wenyewe, wakisubiri mtu apite aseme leo nataka wapanda farasi wanane. Wenyewe wakapabatiza Korongo la Gower. Mwigizaji wa ziada anayekuja na nguo zake anakuokolea pesa ya mavazi, kwa hiyo usishangae ukiona kofia zilizochakaa kweli. Hazikuchakazwa na fundi wa mavazi.

Kuna jambo moja la biashara ambalo lisipoeleweka picha hizi zitaonekana za ajabu siku zote. Wakati wa mdororo, wenye majumba ya sinema walianza kutoa picha mbili kwa tiketi moja ili kuvuta watu. Ile kubwa ililipwa kwa asilimia ya mapato ya mlangoni. Ile ya pili, ndogo, ilikodishwa kwa bei maalumu iliyokwishapangwa, ijae watu isijae. Maana yake mtayarishaji wa picha ndogo alijua takribani atapata kiasi gani hata kabla ya kuwasha kamera. Akitengeneza nzuri sana, hapati zaidi. Akizidisha gharama, inatoka mfukoni mwake. Katika mazingira hayo, ajabu si kwamba picha nyingi zilikuwa hovyo. Ajabu ni kwamba baadhi ya watu waliendelea kujali kazi yao.

Mmoja wao alikuwa mpiga picha wa picha yako, Archie Stout. Rudia pale wapanda farasi wanapopita kwenye vumbi, jua likiwa nyuma yao. Hakuna taa pale. Ni mtu aliyejua asimame wapi na saa ngapi. Huyohuyo miaka baadaye alishiriki tuzo ya Oscar kwa The Quiet Man ya 1952, picha nyingine ya Wayne. Nikiwa projektani, zamani sana, nilikuwa nikilegeza fokasi kidogo kwenye picha mbovu ili wateja wasione mikunjo ya pazia lililochorwa. Kwa Stout sikuthubutu.

Sasa sauti ya kuimba. Hadithi inataka steringi aitwe Sandy Saunders, mpelelezi wa serikali aliyetumwa kutoka Washington kuchunguza tajiri Kincaid, ambaye ameshika maji ya bonde zima na kuwakaba wakulima. Watengenezaji wakaona wamtie gitaa mkononi awe kauboi mwimbaji. Ken Maynard alikwishaimba kwenye picha tangu 1929, Gene Autry, kauboi mwimbaji atakayevuma baadaye, bado hajafika, uwanja uko wazi. Tatizo, Wayne hawezi kuimba. Basi akaimbiwa. Anayetajwa zaidi kuwa mwenye sauti ile nzito ni Bill Bradbury, mtoto wa mwongozaji mwenyewe, ingawa wapo wanaomtaja mwimbaji Smith Ballew. Mimi naelekea kwa mtoto wa mwongozaji, kwa sababu ya kifamilia tu: kwenye bajeti ile, mwimbaji anayelala chumba cha pili nyumbani kwako ni rahisi kuliko wa mjini. Pacha wa huyo Bill ndiye Bob Steele, steringi mashuhuri wa picha za kauboi, aliyefahamiana na Wayne tangu utoto wao huko Glendale.

Umesema sauti si yake kabisa. Ni kweli, na hata vidole vinakataa. Gitaa linalia noti moja, mkono umekwama mahali pengine. Wayne mwenyewe alisimulia baadaye aibu aliyoipata akienda kwenye maonyesho ya hadhara, watoto wakipiga kelele aimbe. Aliona ni heri kampuni imtafute mtu anayeimba kweli. Mwaka 1935 Monogram na kampuni nyingine ndogo ziliunganishwa na Herbert Yates kuwa Republic, na mwaka huohuo Gene Autry akatoka na Tumbling Tumbleweeds. Wayne akaachwa na ngumi zake, kila mtu akapumua.

Lakini usiharakishe kucheka. Twende kwenye pambano la barabarani. Sandy anakabiliwa na mwuaji wa kukodiwa, Slip Morgan, anayechezwa na Earl Dwire. Hakuna ngoma, hakuna zeze la kukupa wasiwasi. Steringi anatoka, anatembea taratibu katikati ya barabara kumwendea adui, na anaimba. Wimbo wenyewe ni wa damu itakayomwagika mjini na watu watakaokunywa na wafu usiku wa leo. Anaimba bila haraka, uso mkavu, hatua baada ya hatua, na yule adui anaanza kupungua palepale aliposimama. Bastola zinapolia, Morgan hauawi, anajeruhiwa mikono. Kwa mpiga bastola hiyo ni mbaya kuliko kufa.

Kigeni, sivyo? Mtu aliyeazimwa koo anamtishia mtu kwa wimbo. Ingekuwa na muziki chini yake ingekuwa kichekesho. Kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachosikika, sauti ile ya kuazima inakuwa kama inatoka ardhini. Sidhani Bradbury alipanga falsafa yoyote pale. Alikuwa na mwimbaji wa bure na hakuwa na okestra.

Kuhusu mbio za upupu, sababu ni mbili na zote ni za kubana matumizi. Ya kwanza ni ufundi wa zamani: kamera inazungushwa polepole kuliko kawaida wakati wa kupiga, kisha mkanda ukionyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, farasi anaonekana kuruka. Kwenye maongezi huwezi kufanya hivyo, sauti itaharibika. Kwenye mbio hakuna maongezi, kwa hiyo walipiga bila sauti, kwato wakazitia baadaye. Utaona hata ubora wa sauti unabadilika ghafla mtu anapopanda farasi. Sababu ya pili utaikuta zaidi kwenye picha nyingine za miaka hiyo: vipande vya zamani. Kabla ya Lone Star, Wayne alicheza picha sita kwa Warner Bros. kati ya 1932 na 1933, na humo walimvika nguo zinazofanana na za Ken Maynard na kumpandisha farasi mweupe, ili waweze kuchomeka vipande vikubwa vya picha bubu za Maynard za miaka ya 1920. Msafara wa magari ya farasi mia, ng'ombe wasiohesabika, vyote vya bure. Kwa mbali ni Maynard, kwa karibu ni Wayne. Picha bubu nyingi zilipigwa kwa mwendo wa chini, ukiziendesha kwa fremu 24 watu wanakuwa na haraka ya kwenda msalani.

Katikati ya matukio utaona pia kamera inapita ghafla kwa mfuto, kila kitu kinakuwa mistari, halafu tuko mahali pengine. Picha za Lone Star zinajulikana kwa hilo. Badala ya kupiga mtu akipanda farasi, akisafiri, akishuka, unampitisha kwenye mfuto wa nusu sekunde na amefika. Futi ngapi za mkanda zimepona hapo? Jumlisha.

Halafu yupo Yakima Canutt. Kwenye picha yako anaonekana kama mmoja wa wahuni wa Kincaid, lakini kazi yake kubwa katika picha hizo ilikuwa kuanguka. Alikuwa bingwa wa rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda farasi wakali, kabla ya kuingia sinema. Kwenye mfululizo huo mara nyingi alicheza adui na wakati huohuo kumwakilisha steringi kwenye hatari, kwa hiyo ipo siku ukimwona Wayne akimfukuza jambazi, pengine Canutt anajifukuza mwenyewe. Yeye, Wayne na Bradbury ndio husifiwa kwa kutengeneza namna ya kupigana ambayo hadi leo inatumika: kamera inakaa nyuma ya bega, ngumi inapita mbele ya uso bila kugusa, anayepigwa anatupa kichwa kwa wakati. Zamani waigizaji walikuwa wakipigana mabegani kwelikweli, wanaonekana wamechoka badala ya kuumia. Canutt aliishia kuongoza mbio za magari ya farasi katika Ben-Hur ya 1959, na akapewa Oscar ya heshima ya mwaka 1966.

Sitaficha upande wake mwingine. Alisifika pia kwa waya wa kumwangusha farasi: waya unafungwa miguu ya mbele, mwisho wake umezikwa ardhini, farasi akifika mwisho wa urefu anapinduka mzimamzima. Farasi wengi waliumia na wengine wakafa. Kelele zilikuwa kubwa baada ya farasi kutupwa kutoka kwenye mwamba wakati wa kutengeneza Jesse James ya 1939, na tangu 1940 chama cha kutetea wanyama cha Marekani kikaanza kusimamia. Mtazamaji wako akiuliza farasi yule aliinuka, usimdanganye.

Haya, kazi yako. Tafsiri nakala ya kimya. Mkwaruzo unaousikia si wa 1933 wote: picha hizi zilikwenda kwenye televisheni za Marekani zikiwa nakala za milimita 16, na nakala ikatolewa nakala, na hiyo nayo ikatolewa nyingine. Tafuta iliyo safi zaidi, zipo nyingi, kwa sababu huko Marekani picha za wakati ule zilitakiwa hakimiliki yake ihuishwe baada ya miaka 28, na nyingi za Lone Star hakuna aliyekumbuka kuhuisha. Ila ule muziki wa kinanda una mwenyewe. Ukiutumia anaweza kukufuata, sababu nyingine ya kuuacha.

Ninyi watia sauti mna tabia ya kuogopa kimya. Picha za siku hizi zimewazoesha: muziki ukipanda mnapanda nao, ukishuka mnapata nafasi ya kumeza mate. Hapa hakuna wa kukubeba. Mnaongea ninyi, kwato na mlango. Punguza maneno kwa nusu. Maelezo ya nani kamshika nani maji yatoe mapema, kwenye zile dakika tano za mwanzo Sandy anapomkuta sherifu kwenye njia na kumwona yule msichana aliyevaa kiume akiteka gari la farasi la abiria; wateja wa Usa River hawahitaji kuelezwa mara mbili maana ya mtu mmoja kushika mfereji. Mwisho, Kincaid anapodanganyika kulipua kisima kwa baruti na mto wa chini ya ardhi ukafumka, usiseme kitu hadi maji yafike kwenye miguu ya watu. Watashangilia wenyewe.

Wimbo wa barabarani usiuimbe wewe. Usiutafsiri juu yake pia. Sema ubeti mmoja kwa Kiswahili kabla hajatoka, uweke mdomoni mwa mtu yeyote anayechungulia dirishani, kisha funga maikrofoni mpaka bastola zilie. Ukitaka kuongeza chochote, punguza kidogo spika ya nyuma ili sauti itokee mbele peke yake, pale anapotembea. Na siku ya kuonyesha nipigie, nauli ya kutoka Moshi ninayo.